Nguvu ya Sauti ya Besi: Mizani ya Maboksi ya Spika katika Viwanja vya Newala na Masasi

Katika msimu wa korosho, ambao kwa nchi ya Wamakonde huanza aghalabu mwezi wa Oktoba, fedha za mnada zinapokwisha kumfikia mkulima na ahadi za jando na unyago zikaanza kutimizwa, bendi za dansi huifuata njia ya kupanda uwanda wa juu, vyombo vimefungwa kwa kamba juu ya gari, ili kuwachezesha watu ambao kwa miezi mingi walikuwa wameinama shambani. Jioni moja ya msimu huo nilisimama ukingoni mwa kiwanja kimoja cha Newala, chini ya mikorosho, yapata hatua sitini kutoka jukwaani. Nikamsikia mwimbaji, nikalisikia gitaa la solo, nikazisikia tumba na sahani za drams, lakini besi sikuisikia hata chembe. Nikasogea, nikasogea tena, na nilipofika karibu ya kuugusa ubao wa jukwaa ndipo nilipotambua kwamba mpigaji wake alikuwa akijitahidi kwa vidole vyake vyote, na nyuma yake limesimama boksi moja kubwa lenye spika moja ya inchi 18. Kijana aliyekuwa akitazama mitambo akaniamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona besi haitoki?”

“Inatoka, mzee. Boksi hili ni la wati elfu moja.”

Kijana hakusema uongo, kwa maana tarakimu hiyo ilikuwa imechapwa mgongoni mwa boksi na mtu yeyote angeweza kuisoma. Ila tarakimu hiyo yaeleza kiasi cha umeme ambao koili ya spika yaweza kuuhimili pasipo kuungua, na mtu akiichukua kuwa ni kipimo cha sauti, atakuwa kama mnunuzi wa punda aulizaye uzito wa shehena ambao ungemvunja mgongo, akaacha kuuliza mwendo wake. Tangu siku ile swali hili halikuniacha, nami nimeona lastahili kupimwa lote kwa utulivu, kwa kuwa besi ndiyo inayomwambia mguu wa mchezaji mahali pa kutua, na dansi isiyo na besi ni nyumba iliyoezekwa bila ya kujengwa kuta.

Mintarafu ya maboksi, wapigaji wamegawanyika tangu zamani. Wako waaminio spika moja kubwa, ya inchi 15 au 18, wakisema kuwa sauti nene sharti itoke katika kinywa kipana. Na wako wanaozipenda spika nyingi ndogo, hasa za inchi 10, nne au nane katika boksi moja, wakisema kuwa ndizo zenye kupiga kifuani. Baina ya makundi haya husimama wenye spika mbili za inchi 12, ambao aghalabu hawagombani na mtu. Kila kundi lina ushahidi wa masikio yake, na masikio hayadanganyi kwa makusudi. Hata hivyo, sikio la binadamu lina tabia ambayo mtu asipoijua hawezi kuhukumu jambo hili kwa haki.

Tabia yenyewe ni kwamba sikio ni zito mno kwa sauti za chini. Waya mnene wa gitaa la besi, ule wa noti ya E, ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na hapo sikio limekaribia ukingo wa uwezo wake. Mwaka 1933 Wamarekani wawili wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walitangaza vipimo vilivyodhihirisha tofauti hiyo, na vipimo vilivyofuata vimeithibitisha: ili noti ya hezi 40 isikike kwa upole uleule wa sauti ya hezi 1000 yenye desibeli 40, yahitaji kuongezewa zaidi ya desibeli 40 nyingine. Na desibeli si kitu kinachopatikana kwa bei rahisi. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Na ili msikilizaji aseme kwamba sauti imekuwa mara mbili ya ile ya kwanza, kwa kawaida yatakiwa desibeli karibu 10, ambazo ni sawa na kuzidisha wati mara kumi, ijapokuwa huko chini kabisa kwenye besi ongezeko dogo kuliko hilo huhisiwa. Kwa hiyo bendi iliyouza amplifaya ya wati 300 ikanunua ya wati 600 imelipa fedha nyingi kwa tofauti ambayo mchezaji aliye katikati ya kiwanja ataitambua kwa shida.

Sasa tuitazame kazi ya spika yenyewe. Spika ni pampu ya hewa: koili hupokea umeme, sumaku huisukuma na kuivuta, nayo huiendesha koni ya karatasi mbele na nyuma. Umbo hili ni lile walilolitengeneza Rice na Kellogg wa kampuni ya General Electric mwaka 1925, na mpaka leo halikubadilika katika asili yake. Sauti kubwa ya besi ni hewa nyingi iliyosukumwa, na hewa iliyosukumwa ni eneo la koni likizidishwa kwa urefu wa safari yake. Hapa pana kanuni ngumu ambayo wengi hawaidhanii: noti ikishuka oktavu moja, pampu hiyohiyo yatakiwa isukume hewa mara nne ili sauti ibaki na nguvu ileile. Koni iliyotulia kwa noti ya juu shingoni mwa gitaa hutaka kuchomoka ukutani mwake mpigaji ashukapo kwenye waya mnene, na hapo ndipo spika yenye wati elfu moja mgongoni huanza kukoroma kwa wati mia mbili tu, kwa kuwa koni imefika mwisho wa safari yake ingawa koili bado ni baridi.

Basi na tulipime eneo. Koni ya spika ya inchi 10 ina takriban sentimita za mraba 350. Ya inchi 12 kiasi cha 530. Ya inchi 15 kiasi cha 850. Na ya inchi 18 kiasi cha 1200. Spika nne za inchi 10 kwa hiyo zina 1400, nazo zimekwisha kuipita ile moja ya inchi 18 ambayo kwa macho yaonekana kama sinia la pilau la arusi. Spika mbili za inchi 12 zina 1060, zaidi ya moja ya inchi 15. Spika mbili za inchi 15 zina 1700, na zikilinganishwa na nne za inchi 10 tofauti yake haifiki desibeli 2, maadamu safari ya koni ni sawa. Nane za inchi 10 zina 2800, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 18, nazo kwa safari iliyo sawa huizidi kwa desibeli 7 hivi. Sharti niseme kwa insafu kwamba spika za inchi 18 aghalabu hutengenezwa ziwe na safari ndefu kuliko za inchi 10, na kwa sababu hiyo pengo hupungua, wala kitendawili hakiteguki kwa kipimo cha inchi peke yake. Lakini imani ya kuwa kinywa kipana kimoja kwa asili yake hushinda vinywa vidogo vingi haina msingi.

Historia nayo yatoa ushahidi. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipolitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, akalifuatishia amplifaya ya Bassman mwaka 1952, boksi lake lilikuwa na spika moja ya inchi 15. Na katikati ya miaka hiyo ya 1950 yeye mwenyewe aliiacha akaweka nne za inchi 10. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilileta mtambo wa SVT, amplifaya ya valvu yenye wati 300, na boksi la spika nane za inchi 10 lililozibwa pande zote, na Rolling Stones wakaichukua katika safari yao ya mwaka huo Marekani, mahali ambapo umati ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa kuliko uwezo wa mitambo ya zamani. Boksi hilo halishuki chini sana katika hezi, lakini husikika. Ni jambo la kuzingatiwa, kwa kuwa sikio, hata lisipoipokea noti ya hezi 41 yenyewe, hupokea za hezi 82 na 123 zilizozaliwa pamoja nayo, kisha likaijaza ile iliyokosekana kwa fikira zake. Mtu akisema kwamba besi imesikika vyema kiwanjani, yamkini sehemu kubwa ya alichokisikia ni hizo noti za pili na za tatu.

Niruhusiwe kukumbusha hapa kwamba Masasi na Newala zilijuana mapema na taabu ya kuinasa sauti nene. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alipita katika miji hii akiwa na fonografu ya mitungi ya nta, akazinasa nyimbo za wenyeji kwa kuwaimbisha mbele ya pembe ya mashine. Mashine za namna hiyo zilikamata koo la mwimbaji kwa wastani, na mngurumo wa ngoma kubwa uliziponyoka, kwa kuwa pembe ndogo haina nguvu juu ya mawimbi marefu. Wimbi la noti ya hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8.

Urefu huo ndio ufunguo wa jambo la pili, nalo ni kuongeza boksi la pili. Spika mbili zilizokaribiana, ambazo umbali baina yake ni mdogo sana kuliko urefu wa wimbi, husukuma hewa kama spika moja kubwa zaidi. Kwa umeme uleule jumla, ukiugawa katika maboksi mawili yaliyofanana, besi hupanda karibu desibeli 3 bila ya wati moja kuongezwa. Tena amplifaya za transista, zikiunganishwa na maboksi mawili ya omu 8 sambamba, huona omu 4 nazo hutoa umeme zaidi, pengine karibu mara mbili, ikapatikana kiasi cha desibeli 3 nyingine. Na jumla ya desibeli 6 ndiyo faida ambayo mpigaji angeipata kwa kuzidisha wati mara nne kwenye boksi moja. Amplifaya za valvu, ambazo hubadilishwa swichi ya omu ili zilingane na mzigo, hazina ziada hiyo ya umeme. Hupata ile 3 ya kwanza tu. Na hapa fundi awe na hadhari: boksi la tatu la omu 8 likiongezwa, mzigo huwa chini ya omu 3, na amplifaya nyingi za transista zitapata joto, zitajizima, au zitaungua kabla ya usiku wa manane.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho laiti kingekuwa kimechapwa kwa herufi kubwa mgongoni mwa kila boksi badala ya wati, nacho ni wepesi wa spika: desibeli inazotoa kwa wati 1 ukisimama mita 1 mbele yake. Chukua boksi la desibeli 94, ulipe wati 400. Litatoa desibeli 120. Chukua la desibeli 100, ulipe wati 100 tu. Nalo litatoa 120 zile zile. Mjini ambako umeme ni wa nguzo jambo hili ni la fedha tu. Lakini katika kiwanja cha kijiji ambako jenereta ndogo ya petroli yabeba taa, maikrofoni, magitaa na friji ya vinywaji kwa pamoja, wati 300 zilizookolewa ndizo zinazozuia sauti yote isizame kila besi inapopigwa. Tena koili inayolishwa wati nyingi kwa saa sita hupata joto, joto huongeza ukinzani wake, na boksi ambalo saa mbili usiku lilikuwa na desibeli 120 laweza kuwa limepoteza desibeli 3 ifikapo saa saba, ilhali mpigaji hajaigusa swichi hata moja. Boksi jepesi, kwa kuwa linalishwa kidogo, hudumu vilevile mpaka alfajiri.

Wepesi huo una bei, na bei yake ni ukubwa. Josef Anton Hofmann alisema kanuni ambayo mafundi wa maboksi wameiita ya chuma: boksi dogo, boksi jepesi wa kutoa sauti, na boksi lishukalo chini, waweza kuchagua mawili, la tatu utalikosa. Boksi lenye tundu, ambalo Albert Thuras wa maabara za Bell alipewa hataza yake mwaka 1932, na ambalo hisabu zake zilinyoshwa na Thiele wa Australia mwaka 1961 na Small baada yake, huitumia hewa ya mgongoni mwa koni ili isaidie hewa ya mbele, na karibu na noti ya tundu hupata desibeli kadhaa juu ya boksi lililozibwa; ila chini ya noti hiyo koni huachwa bila ya kizuizi na hurukaruka bure. Boksi lililozibwa hupoteza polepole wala halishtuki. Kwa mpigaji wa nyuzi nne aliye na boksi zuri la tundu, tundu ni heri; kwa boksi la kuundwa na seremala wa mtaani pasipo hisabu, kama yalivyo mengi tunayoyaona, kuziba ni salama zaidi.

Iko njia ya tatu, ile ya baragumu. Wazee wa Pate na Lamu walijua, walipoichonga siwa ya pembe ya ndovu na kuisubu ile ya shaba, kwamba pumzi ya mtu mmoja ikipitishwa katika shingo nyembamba inayopanuka taratibu hutangaza habari mji mzima. Na spika za honi zilizo katika minara ya misikiti yetu hufanya kazi kwa siri hiyohiyo. Boksi la besi la honi iliyokunjwa, mathalani lile la Acoustic 360 la mwishoni mwa miaka ya 1960, lenye spika moja ya inchi 18 iliyogeuzwa kutazama ndani, huwa na sifa ya ajabu kwamba mpigaji aliye karibu hujiona hasikiki na aliye mbali humsikia barabara. Kwa kiwanja cha wazi hakuna kinacholishinda kwa kila wati moja. Lakini ni zito na ni pana, na honi ya kufikisha noti ya E kwa haki yataka kinywa ambacho mlango wa nyumba nyingi za Newala usingekipitisha.

Tumetaja uzito, nao si jambo la pembeni katika nchi hii. Kabla ya daraja la Rufiji, lililopewa jina la Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, kufunguliwa mwaka 2003, safari ya bendi kutoka Dar es Salaam kwa barabara katika masika ilikuwa ni kamari. Na hata leo, baada ya lami, kiwanja chenyewe aghalabu kiko mwisho wa njia ya mchanga ambako vyombo hubebwa begani. Boksi la spika nane lina kilo 60 na zaidi. Maboksi mawili ya spika nne yana eneo lilelile la koni, nayo hubebwa na vijana wawili kwa zamu, na moja likipata ajali njiani dansi haifi.

Mpangilio wake nao una hukumu. Sauti za katikati, zenye kubeba mguso wa kidole kwenye waya, zina mawimbi mafupi, nazo spika zikiwekwa ubavu kwa ubavu hupambana zenyewe kwa zenyewe, hata aliye mbele kabisa akapata zote na aliye pembeni akakosa nusu. Maboksi mawili yakipandishwa moja juu ya jingine, yakasimama kama nguzo, husambaza sauti hizo kulia na kushoto kwa usawa zaidi, na spika za juu humfikia mpigaji sikioni, akaacha kuongeza bila ya haja. Ama kuchanganya boksi la inchi 15 na la spika nne za inchi 10, desturi iliyoenea sana kwa kudhani kwamba moja litaleta unene na jingine ukali, mimi siipendi: boksi zito la kutoa sauti hula nusu ya umeme likarudisha kidogo, na katika noti fulani koni za boksi moja huenda mbele wakati za jingine zikirudi nyuma, zikafutana.

Imebaki ardhi. Ukumbi wa Masasi mjini, wenye kuta za matofali na paa la bati, hurudisha besi ndani. Humo spika mbili za inchi 12 zaweza kutosha, na kosa la kawaida ni kuzidisha. Masasi yote imezungukwa na vilima vya mawe, na apigaye nje akilielekea jabali, kama Mtandi, atarudishiwa mapigo yake baada ya kitambo, yakagongana na yale mapya. Newala haina jabali wala ukuta: ni uwanda wa mchanga ulio ukingoni mwa genge, na baada ya hapo ni bonde la Ruvuma na Msumbiji ng’ambo. Katika uwazi wa namna hiyo kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6, na desibeli 120 za mita 1 huwa 90 tu kwenye mita 32. Kumbuka jinsi sikio lilivyo zito huko chini, utajua kwa nini chini ya ile mikorosho sikusikia kitu. Wapigaji wa sindimba hawakupata taabu hiyo, kwa kuwa ngozi za ngoma zao huoteshwa moto zikakazwa, na mpigo mkavu wa ngozi iliyokazwa una sauti za katikati tele, ambazo sikio huzipokea kwa urahisi.

Kwa kiwanja cha Newala basi, rai yangu ni maboksi mawili yaliyofanana, kila moja na spika nne za inchi 10 zenye wepesi wa desibeli karibu 100, yamepandishwa moja juu ya jingine, yamekaa juu ya ardhi yenyewe wala si juu ya jukwaa la mbao lenye uvungu, mgongo wake umekaribia ukuta wa nyumba ikiwa ukuta upo, kwa maana ukuta ulio karibu huirudisha mbele ile besi ambayo ingepotelea nyuma. Na amplifaya ya wati 300 au 400 iliyo ya kweli. Uso wa maboksi uelekee uendako upepo, kwa kuwa sauti ifuatayo upepo hupindishwa kuja chini kwa watu, na ile ipingayo huinuliwa ikapita juu ya vichwa. Usiku nao husaidia kwa namna hiyohiyo: mchanga ukiisha kupoa, hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu, sauti iliyokuwa ikitorokea mbinguni hurudi ardhini, na watu waliolala mbali, ng’ambo ya mashamba, huanza kuisikia saa nane ile besi ambayo magharibi haikuivuka mikorosho.